Peptidi za uso: chapa nyingi, wazalishaji wachache

Anayetaka kupunguza makunyanzi bila sindano huwekewa njia mbili na maduka ya vipodozi ya Ulaya na Marekani. Kuna kifaa cha mkononi kinachopitisha umeme hafifu usoni, mfano vile vya NuFACE ya California, ambavyo vikubwa huuzwa kwa mamia ya dola. Na kuna seramu ya peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Kampuni ya Deciem ya Toronto, kwa chapa yake The Ordinary iliyoanza mwaka 2016, iliishusha bei ya seramu hizo hadi chini ya dola 20 kwa kichupa.

Baadhi ya wauzaji husema seramu inashika nafasi ya kifaa. Mnunuzi awe macho hapo, maana ahadi zenyewe zinapingana: kifaa huahidi kuuamsha msuli ukaze, ilhali Argireline, moja ya peptidi zinazojulikana sana, huahidi kuulegeza. Iliundwa na Lipotec ya Barcelona. Mwaka 2002, mwaka uleule Marekani ilipoidhinisha sindano ya Botox kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, ilichapishwa ripoti kwamba Argireline ya asilimia 10 ilipunguza kina cha mikunjo hadi asilimia 30 kwa siku 30. Waliopimwa walikuwa kikundi kidogo cha wanawake, na kampuni yenyewe ilishiriki katika utafiti.

Peptidi nyingine, Matrixyl ya Sederma, Ufaransa, ina ushahidi mpana kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa Procter & Gamble, wenye chapa ya Olay, waliipima kwa wanawake 93 kwa wiki 12, wakaona mikunjo midogo imepungua. Hapa pia mpimaji ndiye muuzaji. Tena ngozi ni mlango mwembamba: molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya kwa shida, na Argireline ina karibu 890.

Lubrizol ya Marekani iliinunua Lipotec mwaka 2012, na Sederma ni mali ya Croda ya Uingereza. Chapa nyingi, za bei juu na za bei chini, huchota kwa wazalishaji haohao wachache, kisha hushindana kwa chupa na matangazo. Kwa seramu, kuingia sokoni ni rahisi pia: kifaa cha umeme Marekani hupitia kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa, kabla ya kuuzwa, lakini kipodozi hakihitaji idhini hiyo.

Kifaa nacho kina gharama za kudumu, kwani hutumiwa kwa jeli, mara kadhaa kwa wiki. Mwenye kirekebisha mapigo ya moyo, kifafa au mimba asikiguse.

Kwa maoni yangu, hakuna sababu ya kulipa dola 100 kwa seramu ya peptidi. Nunua kwanza krimu ya kukinga jua. Fedha ikibaki, chukua seramu ya bei nafuu iliyotaja jina la peptidi kwenye orodha ya viambato.