Kula Nje Nyamyumba: Gari Kwanza, Samaki Baadaye

Na Mwandishi Wetu

Mtu atokaye Gisenyi mjini na kuifuata barabara ya kusini, kandokando ya Ziwa Kivu, baada ya kilomita chache huingia katika sekta ya Nyamyumba, wilaya ya Rubavu. Huko ndiko kwenye rasi ya Rubona, chemchemi za maji ya moto, mwalo wa wavuvi, na kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Na huko ndiko watu wa mjini humiminika siku za Jumamosi na Jumapili, pamoja na wageni kutoka Kigali na Musanze, kwa nia moja tu: kula samaki huku wakitazama maji.

Nia hiyo haina ubaya wowote. Askari aliyekaa zamu wiki nzima anastahili kuketi mezani na watu wake bila kuitwa. Mkewe naye (au mumewe, maana siku hizi mwenye sare katika nyumba aweza kabisa kuwa mama) anastahili kupumzika kupuliza jiko walau mara moja kwa mwezi. Watoto wanafurahi, na picha zinapigwa. Tatizo halipo mezani, lipo nje, pale baba alipoliacha gari.

Gisenyi mjini kuna barabara pana ufukweni, zenye miti pande zote mbili, na dereva mwenye subira hakosi nafasi. Nyamyumba si hivyo. Mlima umeshuka hadi karibu kabisa na maji, na barabara imepenyezwa katikati kama uzi katika tundu la sindano. Upande mmoja kuna ukuta wa udongo na mfereji. Upande wa pili kuna nyumba, migahawa, kisha ziwa. Barabara hiyohiyo ndiyo ya malori ya kiwanda yanayopita yakiwa na makreti ya chupa. Ndiyo njia ya mama anayepeleka karoti na vitunguu sokoni, ya mtoto anayeteka maji, na ya gari la wagonjwa linapompeleka mzazi hospitalini. Magari kumi ya wala samaki yakipangwa ukingoni mwa barabara ya namna hiyo, waendao kwa miguu hawana pa kupita ila katikati, kulekule yanakopita malori. Huo ndio ubaya wenyewe, nao haupungui kwa sababu mwenye gari alikuwa na njaa.

SAMAKI ANA SAA YAKE

Wengi hudhani magari hujaa kwa sababu watu ni wengi. Ni kweli, lakini kwa sehemu tu. Sababu iliyo kubwa zaidi iko jikoni. Samaki mzima wa kuchoma, yaani tilapia wa kutosha watu wawili, hutolewa magamba, hupasuliwa, hutiwa chumvi, kitunguu na pilipili, kisha huwekwa juu ya mkaa na kugeuzwa polepole. Mpishi anayejua kazi yake hamharakishi. Jiko likiwa moja na meza zikiwa kumi na tano, meza ya mwisho hungoja saa moja na nusu, pengine mbili. Muda wote huo gari limesimama. Mgeni anayefika saa saba mchana akitazamia kula na kuondoka saa nane, hujikuta bado yupo saa kumi, na nafasi aliyoishika ingaliweza kuwafaa watu watatu waliomfuata. Hao watatu sasa wameegesha barabarani.

Kwa hiyo anayetaka kuipunguzia Nyamyumba msongamano na aanze na simu. Mpigie mwenye mgahawa asubuhi, mwambie mnakuja wangapi na mnataka nini, ili samaki awe karibu na jiko mnapofika. Mwulize bei hapohapo, kwa maana samaki huuzwa kwa ukubwa wake, na aibu ya kuuliza bei mbele ya shemeji imewagharimu watu wengi nusu ya mshahara. Tena mwulize bila haya: je, una uwanja wa kuegesha? Akisema watu huegesha tu hapo nje, jibu umelipata.

Ikiwa hukupiga simu, basi agiza kwa akili. Sambaza ndiye rafiki wa mwenye haraka. Samaki hawa wadogo hawakuwa wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, wakazaana, na leo ndio chakula cha kila siku cha watu wa Kivu. Wavuvi huwafuata usiku kwa mashua zilizofungwa tatutatu kwa miti mirefu, wakiwavuta kwa mwanga wa taa, na sauti za nyimbo zao husikika hadi ufukweni. Sambaza akishaoshwa hukaangwa kwa dakika chache tu katika mafuta ya moto, hukamuliwa ndimu, akaliwa na viazi au ndizi. Kila mwaka hupita kipindi ambacho uvuvi wake husimamishwa ili azaliane, hivyo usimkasirikie mhudumu akikuambia hakuna. Mishikaki ya mbuzi iko katikati: haichelewi kama tilapia, wala haiwahi kama sambaza. Mezani ambapo kila mtu ameagiza kitu chake, wa kwanza humaliza kabla wa mwisho hajaanza, na gari hungoja wote.

NAMNA YA KULIWEKA GARI

Nchini Rwanda gari hupita upande wa kulia. Jambo hili linajulikana, lakini linasahaulika wakati wa kushuka. Gari likisimama ukingo wa kulia, milango ya kushoto hufungukia barabarani. Watoto, kwa shauku ya kuliona ziwa, hufungua mlango ulio karibu nao na kuruka. Waketishe upande wa kulia wale wadogo, au wakataze kushuka mpaka mtu mzima awafungulie. Ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Uganda na Tanzania, ambako gari hupita kushoto, wawe waangalifu mara mbili, kwa kuwa watoto wao wamezoea kwamba mlango wa kushoto ndio wa salama. Hapa mambo yamegeuka.

Penye mteremko, breki ya mkono peke yake haitoshi. Acha gari katika gia, geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingoni, na ukihofia zaidi weka jiwe nyuma ya gurudumu. Lakini jiwe hilo liondoe unapoondoka! Tabia ya kuondoka na kuliacha jiwe katikati ya njia imewaangusha waendesha pikipiki wengi usiku katika nchi zetu zote hizi, na aliyeliweka hajui kamwe alichokifanya.

Jambo lingine askari analijua kuliko raia: gari huegeshwa likiwa limeelekea njia ya kutokea. Kambini hufundishwa hivyo, lakini Jumapili husahaulika. Wilaya ya Rubavu ina sababu yake ya kulikumbuka. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kwa miguu na kwa magari kuingia Gisenyi. Matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, yakapasua nyumba na barabara, na wakazi wengi wa mjini nao wakaondoka kutafuta mahali pa usalama. Katika wilaya kama hiyo, barabara iliyobanwa na magari ya starehe si suala la adabu tu. Tetemeko halingoji samaki aive.

Hapa lisemwe pia neno ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Kofia ya sare iliyowekwa mbele ya kioo cha gari si kibali cha kuegesha. Wako wachache wanaoitumia hivyo, wakijua kwamba kijana anayelinda magari hatathubutu kumwambia afande asogeze. Kijana huyo akinyamaza, haimaanishi ameridhika. Na raia anayepita humwona afande, humwona na kijana, kisha naye huenda kuegesha nyuma ya afande. Kwa upande mwingine, wako waliovua sare wanaoiheshimisha kazi ya maegesho. Huko Kigali, ada za kuegesha katika barabara za mji zimekuwa zikikusanywa na Kigali Veterans Cooperative Society, chama cha ushirika cha askari waliorudi uraiani. Mtu aliyewahi kushika lindo usiku wa mvua hashindwi kumweleza mwenye gari kubwa, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, kwamba hapo hapaegeshwi. Wamiliki wa migahawa ya Rubona wangefanya vema kuwaajiri watu wa namna hiyo, wawavalishe koti linaloonekana gizani na kuwalipa mshahara wa kueleweka, badala ya kuwaacha vijana wakimbilie kila gari kwa kutumaini sarafu.

NA ASIYELETA GARI?

Kuna njia iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kutolileta gari. Liache mjini penye nafasi, kisha panda basi dogo au pikipiki ya abiria kwa kilomita hizo chache. Familia yenye watoto wawili wakubwa yaweza hata kutembea kipande cha njia asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Watakaosema kwamba kula nje bila gari hakuna heshima, na watazame penginepo. Unguja, katika bustani ya Forodhani, kila jioni watu hula pweza, mishikaki na urojo ufukweni. Nyuma ya bustani upo Mji Mkongwe, ambao vichochoro vyake vingi havipitishi gari hata ukitaka. Watu huja kwa miguu, waziri na mchukuzi, na hakuna anayejiona amepungukiwa. Kigali nayo, mwaka 2015, ilifunga barabara moja ya katikati ya mji isipitwe na magari. Mwanzoni wafanyabiashara walinung'unika, lakini siku hizi mahali hapo, panapoitwa Imbuga City Walk, pana viti na vibanda vya chakula, na watoto hukimbia bila kushikwa mkono. Nyamyumba haiwezi kufunga barabara yake, kwa sababu ni moja tu na kiwanda kinaitegemea. Lakini uwanja mmoja wa pamoja wa kuegesha, penye ardhi tambarare kabla ya kufika Rubona, na mabasi madogo ya kwenda na kurudi siku za mwisho wa wiki, ni jambo ambalo wenye migahawa wakishirikiana na wilaya wangeweza kulizungumza. Gharama yake wangegawana, na wateja wangeongezeka, kwani wapo wengi wanaofika, wakakosa nafasi, wakageuza.

Faida ya pili ya kutokuja na gari inahusu chupa. Anayekula Nyamyumba anakula jirani na kiwanda cha bia, na bia huko ni baridi. Tangu mwaka 2019 Polisi ya Taifa ya Rwanda imekuwa na kampeni iitwayo Gerayo Amahoro, maana yake fika kwa amani, na kipimo cha pumzi barabarani hakimjui afande wala raia. Dereva na achaguliwe nyumbani, kabla ya safari, mbele ya watu wote. Akichaguliwa baada ya chupa ya pili, atachaguliwa yule anayesema kwa sauti kubwa kuliko wenzake kwamba yeye hajalewa. Tena usingoje usiku wa manane. Mwaka 2023 Serikali iliagiza mahali pa starehe pafungwe saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi, na saa hizo za kufunga ndipo magari yote hutaka kutoka kwa pamoja katika barabara ileile nyembamba. Familia yenye watoto iondoke kabla jua halijazama, wakati mashua za wavuvi zinaanza kuingia majini na barabara bado inaonekana.

Mwisho, kwa mama na baba wanaopenda kurudi na sambaza wabichi wa nyumbani: nunueni mwaloni asubuhi, si jioni, na mwende na ndoo yenye kifuniko, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008 na mchuuzi hatakuwa nayo. Ndoo ikazwe vizuri nyuma ya kiti, mbali na jua. Maji ya sambaza yakimwagika juu ya zulia la gari, sabuni haiyawezi, na abiria wenu watajua mlikula wapi hadi mshahara mwingine.