Dola Mbili Zinazolinda Pensheni

Januari 2025 ilipoanza, wahasibu wa Kigali walikuwa na namba moja ya kubadilisha kabla ya kulipa mishahara. Mchango wa pensheni unaopelekwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, ulipanda kutoka jumla ya asilimia 6 hadi 12, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Makato ya mfanyakazi yaliyokuwa asilimia 3 yakawa asilimia 6. Kwa mhasibu aliyepanga lahajedwali lake vizuri, hiyo ilikuwa kazi ya sekunde chache: anafuta 3%, anaandika 6%, basi. Aliyeichomeka 3% ndani ya kila fomula alilazimika kupekua mstari baada ya mstari. Lakini aliyekuwa hatarini kuliko wote ni wa tatu: yule aliyeweka kiwango mahali pamoja, kisha akasahau kukifunga.

Tuchukue karatasi ndogo ya wafanyakazi watatu. Safu A ina majina, safu B mishahara ghafi: faranga 150,000 katika seli B2, 280,000 katika B3 na 500,000 katika B4. Safu C inangoja makato ya pensheni. Pembeni, katika safu E, mhasibu ameorodhesha viwango vyake: E1 ni pensheni, 6%, E2 ni mchango wa likizo ya uzazi, 0.3%, E3 ni mchango wa mwajiri kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini, 2%.

Katika C2 anaandika =B2*E1. Jibu ni 9,000, nalo ni sahihi. Anashika kona ya seli na kuiburuta chini mpaka C4. Sasa C3 inasoma 840, na C4 inasoma 10,000. Hakuna onyo wala rangi nyekundu. Ila mfanyakazi wa pili alipaswa kukatwa 16,800, na wa tatu 30,000. Jumla ya makato imetoka 19,840 badala ya 55,800. Faranga 35,960 hazionekani popote, kwa watu watatu tu.

Kosa si la kompyuta. Fomula inapoandikwa kwa mtindo wa kawaida, programu haiichukui E1 kuwa mahali maalumu. Inachohifadhi ni umbali: kutoka hapa nilipo, nenda safu mbili kulia, panda mstari mmoja. Fomula ikinakiliwa kwenda C3, maelekezo ni yaleyale, lakini anayeyafuata ameanzia mstari mmoja chini, kwa hiyo anafika E2 na kukuta kiwango cha likizo ya uzazi. Katika C4 anafika E3 na kukuta 2%. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyoifanya B2 igeuke B3, kisha B4, na kila mtu akahesabiwa kwa mshahara wake. Anwani inayohama imefanya kazi nzuri upande mmoja wa alama ya kuzidisha na kuharibu upande wa pili.

Mkazi wa Kigali ana mfano wa jambo hili barabarani. Ukimwambia dereva wa pikipiki "geti la tatu kushoto kutoka hapa", maelekezo yako yana maana mahali uliposimama tu. Akiyafuata akiwa Kimironko atafika kwingine kabisa. Ukimwambia KG 7 Ave, atafika Kimihurura awe ametokea Nyamirambo au uwanja wa ndege. Mji una barabara zenye herufi na namba, KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo na KK kwa Kicukiro, na anwani ya namna hiyo haijali msafiri ameanzia wapi.

Katika lahajedwali, anwani isiyojali ilikotokea huandikwa kwa alama ya dola. Haihusiani na fedha. Dola iliyo mbele ya herufi hufunga safu. Iliyo mbele ya namba hufunga mstari. Mhasibu wetu akiandika =B2*$E$1 na kuburuta, C3 itakuwa =B3*$E$1 na C4 itakuwa =B4*$E$1. Mishahara inatembea, kiwango kinabaki. Katika Excel, si lazima kuziandika dola kwa mkono: weka kishale kwenye anwani ndani ya fomula, bonyeza F4, nazo zitaingia. Kompyuta nyingi za kupakata hutaka ubonyeze na Fn.

Wazo hili lina umri wa lahajedwali zenyewe. VisiCalc, iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ya Apple II mwaka 1979, ilikuwa na safu 63 na mistari 254 tu. Ukitaka kunakili fomula, ilisimama na kukuuliza juu ya kila anwani: hii ibaki au ihame? Baadaye Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ilitumia alama ya dola ndani ya fomula yenyewe, na Excel nayo inaitumia hadi leo, sasa ikiwa na mistari 1,048,576. Tulichopata ni kasi. Tulichopoteza ni lile swali, na sasa ni juu ya mtumiaji kujiuliza mwenyewe.

Wakati mwingine jibu la swali hilo ni nusu kwa nusu. Kwa mpango uliotangazwa Rwanda, mchango wa jumla wa pensheni utapanda tena kuanzia 2027, pointi mbili kila mwaka, mpaka ufike asilimia 20 mwaka 2030. Mwajiri anayetaka kuona mzigo unaokuja anaweza kupanga mishahara katika safu A kuanzia A3, na viwango 12%, 14%, 16%, 18% na 20% katika mstari wa 2 kuanzia B2. Fomula moja, =$A3*B$2, ikiandikwa katika B3 na kuburutwa kulia na chini, inajaza jedwali zima. Dola ya kwanza inaizuia fomula isiiache safu ya mishahara. Ya pili inaizuia isishuke kutoka mstari wa viwango. Mshahara wa 500,000 utaonyesha 60,000 kwa kiwango cha sasa na 100,000 kwa kile cha 2030.

Kufunga nako kuna mipaka yake. Dola huilinda anwani wakati wa kunakili, lakini haiipigilii misumari. Ukiingiza mstari mpya juu ya karatasi, $E$1 itageuka $E$2 yenyewe, kwa sababu programu inaifuata seli ilikohamia. Hilo ni jema. Hatari iko kwingine: kama karatasi ya Desemba 2024 na ya Januari 2025 zinasoma kiwango kutoka seli moja, ukibadilisha 3% kuwa 6% umebadilisha pia mshahara uliokwisha kulipwa. Kiwango kinachowekwa na sheria kina tarehe yake ya kuanza, basi kila kipindi kiwe na seli yake.

Ipo njia ya kuyaona haya yote kwa macho. Mipangilio ya Excel ina mtindo wa kuandika anwani uitwao R1C1, unaoonyesha umbali wenyewe. Fomula yetu mbovu inasomeka =RC[-1]*R[-1]C[2]; mabano hayo ndiyo hatua za kuhama. Iliyorekebishwa inasomeka =RC[-1]*R1C5: mstari wa 1, safu ya 5, bila mabano. Katika mtindo huu safu nzima ya makato huonyesha fomula ileile, na iliyochezewa hujitenga na wenzake mara moja.

Kwa hiyo, mwezi huu kabla hujatuma orodha ya mishahara, usikague mstari wa kwanza. Huo huwa sahihi, kwa kuwa ndiko fomula ilikoandikwa. Nenda kwenye mstari wa mwisho, bonyeza F2 uone fomula inanyooshea kidole seli zipi, kisha piga hesabu ya mtu huyo mmoja kwa kikokotoo cha simu. Namba mbili zikipishana, usilipe mtu mpaka ujue dola gani imekosekana.