Ndimu ine, shaba kidogo, kitaa kinawaka

Shaba tunaiona kila siku hapa Lubumbashi, inapita juu ya makamyo, inaenda mbali. Lakini watoto wetu wangapi wameiona ikifanya kazi? Kwenye masomo umeme ni michoro ya ubaoni tu. Njo maana juma hili tulikaa chini na watoto wa kiwanja chetu, tukajaribu.

Mutafute ndimu ine, misumari ine ya malata (ile ya zinki), vipande vya waya wa shaba (musiende kuukata kwenye nguzo, tafazali!) na kitaa chekundu cha radio iliyokufa. Mufinye ndimu bila kuipasua. Kila moja muichome msumari upande huu, shaba upande ule. Kiisha mufunge shaba ya ndimu moja kwa msumari wa ile inayofuata. Mguu mrefu wa kitaa uende kwa shaba inayobaki, mfupi kwa msumari unaobaki.

Mara ya kwanza, giza. Tukageuza kitaa, bure. Mtoto wa miaka 9 njo aliona msumari unagusa shaba ndani ya ndimu. Tukatengeneza, tukafunga mlango: kikawaka, hafifu. Kelele!

Wakubwa wakasema ndimu ina umeme. Apana. Zinki njo inaliwa polepole. Ndimu inaleta asidi tu. Moja inatoa karibu volti 0,9, haitoshi. Alessandro Volta, mwaka 1800, yeye alitumia maji ya chumvi.

Ndimu hizo musizile, zinki imeingia ndani. Yule wa miaka 9 ameisha kuuliza juu ya viazi.