Kuhama Mtaa si Kulea: Mazingatio kutoka Laini Saba



Ndugu wasomaji, katika mabaraza yetu baada ya sala ya Isha, na hata katika majlisi za harusi na hitima, mazungumzo yanapowagusa watoto hayakawii kufikia neno moja: mji umeharibika. Mzazi aliye Majengo anatamani Bamburi. Aliye Bamburi anatamani Mtwapa. Na ndugu zetu walioko Nairobi, katika vyumba vya mabati vya Kibera na Kawangware, wanahesabu siku watakapopata uwezo wa kuhamia Rongai, Kitengela au Ruaka, wakiamini kwamba huko wana wao watasalimika.

Tamaa hiyo haina lawama. Kila mzazi ana haki ya kumtakia mwanawe hewa safi, maji ya mfereji na usiku usio na kelele. Lakini imani iliyofichika ndani yake, kwamba uhalifu ni mtaa na kwamba ukiuhama mtaa umeuhama uhalifu, yafaa tuipime kabla hatujaikabidhi malezi ya watoto wetu. Kipimo chetu leo ni Laini Saba, kijiji kimoja cha Kibera.

Mtaa wenye sifa mbili

Kibera si ngeni kwa Waislamu. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwapa makao hapo askari Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Walikuwa Waislamu, wakajenga misikiti na madrasa, na eneo hilo wakaliita Kibra, yaani msitu. Wazee wanasimulia kwamba jina la Laini Saba linatokana na safu za kulengea shabaha za askari hao. Kizazi baada ya kizazi, wazao wao waliishi juu ya ardhi wasiyokuwa na hati yake, hadi mwaka 2017 walipokabidhiwa hati ya jumuiya ya ekari 288.

Wageni waliotoka kila pembe ya Kenya wakawafuata, na leo jina la Kibera likitajwa, wengi huona picha ya vurugu tu. Kwa miaka mingi ilivumishwa kuwa ina watu milioni moja na zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra. Ikiwa hesabu ya watu iliweza kukuzwa kiasi hicho, haitakuwa ajabu ikiwa hesabu ya maovu yao nayo ilikuzwa.

Hatusemi kwamba uhalifu haupo. Upo, na wanaoumia kwanza ni wakazi wenyewe: mama anayerudi na mauzo ya samaki wake usiku, kijana anayeporwa simu kando ya reli, fundi anayekuta kibanda chake kimevunjwa. Lakini wapitaji hawaioni Laini Saba nyingine, iliyo kubwa zaidi. Ni ile ya vibarua wanaotembea kwa miguu alfajiri kuelekea viwandani ili kuokoa nauli, ya wanawake wanaofua nguo katika nyumba za Lang'ata, na ya watoto wanaosoma kwa taa ya jirani kwa sababu yao imezimika. Wengi wa vijana wa Laini Saba si wezi, ingawa wote hutazamwa kama wezi.

Mtazamo huo unaua. Mwezi Disemba 2018, kijana mmoja wa Kibera aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alipigwa risasi na polisi akafa papo hapo Laini Saba, alipokuwa nyumbani kwa likizo. Polisi walidai kwamba alikuwa jambazi. Familia, majirani na wanafunzi wenzake wakakanusha kwa sauti moja. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 803 vya watu waliouawa na polisi nchini kati ya 2013 na 2016. Kwa hiyo mama wa Laini Saba ana hofu mbili juu ya kichwa kimoja cha mwanawe: asije akawa mhalifu, na asije akadhaniwa mhalifu.

Lango la chuma na macho ya jirani

Tumgeukie sasa mzazi aliyefanikiwa kuhama. Amepata nyumba ya vyumba viwili nje ya jiji, yenye ukuta, lango la chuma na mlinzi. Ili kuilipia, yeye na mkewe huondoka kabla ya jua kuchomoza, na kwa msongamano wa magari hurudi watoto wakiwa wamelala. Mtoto akitoka shule anaifungua nyumba tupu. Jirani hamjui jina. Simu anayo, na ndani ya simu mna michezo ya kamari, video zisizofaa na marafiki ambao mzazi hatawaona kamwe.

Mtaani Laini Saba, mtoto akikosa shule saa nne za asubuhi, muuza mboga anamwona, kinyozi anamwona, na bibi aliyeketi mlangoni anamwita kwa jina la babake. Macho hayo ni ulinzi ambao hakuna mlinzi wa lango awezaye kuuza. Waswahili walisema mkono mmoja haulei mwana. Mwenye kuhama yampasa ajiulize mikono mingapi ameiacha nyuma, na ataipata wapi mingine.

Wala kuta hazikuzuia maovu makubwa. Jumba la Westgate lililoshambuliwa mwezi Septemba 2013 na watu 67 wakauawa liko Westlands, mtaa wa wenye nacho. Hoteli ya DusitD2, iliyoshambuliwa tarehe 15 Januari 2019 na watu 21 wakapoteza maisha, iko Riverside, na mmoja wa washambuliaji alikuwa akiishi kama mpangaji wa kawaida huko Muchatha, kaunti ya Kiambu, katika vitongoji vile vile tunavyovitamani. Na katika msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa wa tarehe 2 Aprili 2015, uliochukua roho 148, mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Hakutoka kibandani wala hakukosa shule. Alikosekana nyumbani, na babake alikuwa ameshapiga ripoti kwamba mwanawe haonekani.

Sisi wa Pwani tusijidhani tuko kando. Nyali na Kisauni zimetenganishwa na barabara, kama Kawangware na Lavington, kama Kibera na uwanja wa gofu uliopakana nayo. Serikali ilipochapisha orodha ya magenge yaliyopigwa marufuku mwishoni mwa mwaka 2016, Wakali Kwanza na Wakali Wao wa Mombasa walikuwamo. Wenzetu wa Dar es Salaam walionja hofu hiyo Januari 2015, uvumi wa kundi la Panya Road ulipowafungia watu majumbani usiku. Vijana waliotajwa katika habari hizo walikuwa na mama na baba, na wengi walikuwa hawajafikia hata umri wa kunyoa ndevu.

Mkate usioulizwa

Mtoto hawi mhalifu kwa siku moja. Kwanza hukosa shule, na hakuna aulizaye. Kisha huchelewa kurudi. Halafu huja na viatu vipya na kusema amepewa na rafiki. Mwisho huja na unga, sukari na nyama, akaviweka mezani.

Hapo ndipo penye mtihani mzito, na tuuseme kwa upole, kwa maana ni rahisi kuhukumu ukiwa umeshiba. Mama aliyelala njaa siku mbili, mwenye deni la kodi, akiletewa kilo mbili za unga na mwanawe wa miaka 15, ulimi humwia mzito kuuliza. Anajua akiuliza atajibiwa, na jibu litamlazimu kuurudisha unga. Basi hunyamaza, akapika. Mtoto husoma ukimya ule kuliko alivyosoma kitabu chochote. Huelewa kwamba nyumbani kwao kuna lisiloulizwa, na kwamba sasa yeye ndiye mwenye nyumba. Kuanzia usiku ule mama hawezi tena kumwambia usitoke.

Mwenye uwezo naye ana mkate wake usioulizwa. Ni simu ya bei kubwa anayoiona mkononi mwa mwanawe akanyamaza kwa kuwa yeye mwenyewe hana muda. Ni fedha anazompa kila wiki badala ya kumpa saa moja. Mcha mwana kulia hulia yeye, na methali hii haikutaja mtaa.

Wako pia wazazi wanaomficha mtoto. Akitafutwa Nairobi, hupelekwa kwa bibi Pwani. Akiharibu Mombasa, hupelekwa kwa shangazi Nairobi. Bibi mzee hukabidhiwa mzigo ambao hakuambiwa uzito wake, na aliyeibiwa hubaki bila kuombwa radhi. Hapo uhalifu umesafirishwa tu.

Sheria nayo yasema

Ni vyema kila mzazi ajue machache, kwa maana wengi hukimbilia kutoa hongo au kukimbia kwa kutojua. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Baba aliyetoroka hajatoka katika jukumu. Kifungu hicho hicho kinataka mtoto asizuiliwe isipokuwa njia nyingine zote zimeshindikana, na akizuiliwa, atengwe na watu wazima.

Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Imeweka pia njia ya kumwepusha mtoto na mkondo wa mahakama: akikiri kosa, akaomba radhi, akarudisha alichochukua na kukubali kuangaliwa, anaweza kusalimika bila kesi. Njia hii humhitaji mzazi awepo. Mtoto ambaye hakuna aliyemfuata kituoni huikosa kwa urahisi. Aliyekamatwa sharti afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi kama saa hizo zimeangukia siku za mapumziko. Na nambari 116, isiyotozwa malipo, hupokea simu za watoto na wazazi walio katika dhiki.

Kosa likiwa zito, kijana wa kiume mwenye miaka 15 hadi 17 anaweza kupelekwa Borstal, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Moja ya taasisi hizo iko hapa kwetu Shimo la Tewa. Tunapopita njia ile kwenda Mtwapa, tukumbuke kwamba ndani mna watoto wanaongoja siku ya kutembelewa, na wako wasiotembelewa kamwe.

Aliyelea na asifanikiwe

Kuna mzazi anayesoma haya huku moyo ukimuuma, kwa sababu alisomesha, alionya, aliomba dua, na bado mwana akapotea. Asiongezewe jeraha. Qur'ani Tukufu imetusimulia habari za Nabii Nuhu (AS), aliyemwita mwanawe mpaka wimbi lilipoingia baina yao, na mwana akakataa. Imetusimulia pia habari za Nabii Yaaqub (AS), ambaye watoto wake mwenyewe walimtumbukiza ndugu yao kisimani, wakaja jioni wakilia kwa uongo. Wala hakuwafukuza nyumbani. Miaka ikapita, wakatubu, naye akakubali kuwaombea msamaha kwa Mola. Mzazi haulizwi kuhusu matokeo yaliyo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Anaulizwa kama aliita.

Na kurudi kunawezekana. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, baadhi ya vijana wa Kibera walioacha uhalifu waliungana, wakaondoa lundo la taka karibu na reli na kupageuza shamba la mboga. Wengine wanazoa taka, wanaosha magari, wanasimamia vyoo vya umma. Kazi hizo ni ndogo, lakini zinampa kijana sababu ya kuamka mapema na jina ambalo polisi na jirani wanaweza kulitamka bila shaka.

Basi, mzazi mwenye uwezo wa kuhama na ahame, Inshallah kwa heri. Ila kabla ya kupakia vyombo, ajue ni nani atakayekuwa nyumbani mtoto akitoka shule. Akifika, awajue majirani wa kulia na kushoto kwa majina, na aitafute madrasa na msikiti kabla ya kutafuta king'amuzi. Asiye na uwezo wa kuhama asijione ameshindwa. Aulize kila kitu kipya kinachoingia nyumbani, hata kama ni mkate. Awajue marafiki wa mwanawe na mama zao. Baba atenge wakati wa kula na watoto wake, walau mara chache kwa wiki, simu ikiwa imewekwa kando.

Nasi jamaa wa msikiti tuna fungu letu. Kijana akikamatwa, huwa twepesi wa kumtaja na wazito wa kumfuata. Ijumaa hii, baada ya sala, tuulizane katika kila mtaa: ni mtoto wa nani aliye kituoni au Borstal, na ni nani kati yetu atakayefuatana na mamake kumtazama?

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, walio Laini Saba na walio kwetu Pwani. Amin.