Je, Wajua? Lipo Gugu Linalojifanya Mpunga

Je, wajua kwamba mikono ya wapaliliaji ndiyo iliyolifanya gugu lijifiche? Katika majaruba ya bonde la mto Yangtze, China, huota nyasi iitwayo *Echinochloa crus-galli*. Kwa asili hutawanya machipukizi yake, na shina lake huwa jekundu chini, hivyo mkulima huiona upesi na kuing'oa. Mimea michache iliyosimama wima na yenye shina la kijani ilimpita machoni, ikakomaa na kupukutisha mbegu. Msimu baada ya msimu, kikapatikana kizazi kinachofanana mno na mpunga. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa uigaji huu ulianza takriban miaka 1,000 iliyopita.

Utalitambuaje? Chunguza pale jani linapoungana na shina. Mpunga una kijiutando cheupe na vijisikio vidogo vyenye vinyweleo. Gugu hili halina hata kimoja.

Kinga ni ipi? Silaha kongwe ya wakulima wa Asia ni maji. Hupandikiza miche iliyokwisha kupata nguvu, kisha huacha maji ya kina cha sentimita 5 hadi 10 yatuame, na magugu mengi hushindwa kuchomoza. Anayesia mbegu moja kwa moja shambani huikosa kinga hiyo, kwa hiyo hana budi kuwahi palizi: gugu moja tu likikomaa, humwaga maelfu ya mbegu.