Uganda: Mtoto Mlemavu Naye Atakuwa Mtu Mzima



Katika shamba moja la miwa upande wa Busoga, tulimkuta mzee aliyebakiza miaka 2 kustaafu. Anakaa nyumba ya kampuni na kijana wake wa miaka 23, aliyepooza mguu tangu utotoni na ambaye husikia kwa shida. Kijana huyo hajawahi kutumwa dukani. Noti hazijui, wala hajafundishwa kazi yoyote. Mzee alitueleza kwamba alimwonea huruma, akamfanyia kila kitu. Sasa usiku halali. Siku atakaporudisha funguo za nyumba, kijana atakula nini?

Huruma ya namna hii tunaijua, maana imo majumbani mwetu. Lakini humfunga mtoto.

Tuanze mapema

Tangu miaka 10 mtoto ajifunze kuoga na kuvaa mwenyewe, kufua, kwenda dukani na kurudisha chenji. Asiyeona ajifunze njia kwa fimbo. Kiziwi ajifunze lugha ya alama, na sisi wazazi tujifunze pamoja naye. Aliye mzito wa kuelewa afundishwe kazi moja, hatua kwa hatua, kila siku, bila kugombezwa.

Shule asikatishwe. Afikapo miaka 14 hivi, tumuulize anapenda nini, kisha tumpeleke kwa mafundi ajionee: cherehani, viatu, useremala, ufugaji wa kuku. Huko Kireka, karibu na Kampala, kipo kituo cha kuwafundisha vijana walemavu kazi za ufundi. Akitimiza miaka 18 awe na kitambulisho chake, na apige kura kama wenzake.

Sheria ipo, kazi ni yetu

Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2008 nchi hiyo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2020 ikatunga sheria mpya juu yao. Tena Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unataka vyama vya waajiri na vya wafanyakazi vishauriwe katika mambo ya kuwafunza na kuwaajiri walemavu. Basi kazi hii si ya serikali peke yake.

Kila tawi lijue nyumba zenye watoto hao. Tunapokaa mezani na mwajiri tudai nafasi za uanagenzi. Kujaza udongo katika viriba vya kitalu ni kazi ya kukaa. Stoo na mizani nazo hazihitaji miguu miwili. Ila malipo yawe yale yale. Hatutaki watoto wetu wageuzwe vibarua wa bei rahisi.

Katibu wa tawi alimwombea kijana yule nafasi kwa fundi viatu aliye karibu na lango la shamba. Tulipoondoka alikuwa anashona soli, na mshono umenyooka. Kuhesabu fedha bado kunamshinda, na miaka 2 ni michache.

Wewe mwenye mtoto wa miaka 10 unayo mingi zaidi. Kesho asubuhi mtume dukani.