MENO YA MBWEHA: UGONJWA USIOKUWAPO

Katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, mtoto mchanga akiharisha na kutapika, na mwili wake ukawa moto, jirani hakawii kufika na shauri lake. Humfumbua mtoto kinywa, hupitisha kidole juu ya ufizi, na akigusa uvimbe mweupe mahali pa chonge, husema kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe. Kwa Kisomali huitwa ilko dacawo, yaani meno ya mbweha. Ndipo huitwa mtu ajuaye kazi hiyo, naye huupasua ufizi kwa wembe, au kisu, au msumari uliopashwa moto, akang'oa kitu kidogo, laini na cheupe, kinachofanana na funza. Wazazi hukitazama, wakaamini kwamba ugonjwa umetoka.

Lakini kilichotoka si funza wala si ugonjwa. Ni jino changa la mtoto, ambalo lilikuwa halijakomaa.

Desturi hii si ya Wasomali peke yao. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, J. J. Pindborg, aliandika habari zake baada ya kuiona Uganda, ambako watu huiita ebino. Katika Tanzania watu husema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Wamasai nao wanayo, na madaktari wa Ulaya wamekuta alama zake katika vinywa vya watoto wa Kisomali waliohamia huko. Majina ni mengi, lakini kosa ni moja.

Kwa Nini Watu Huamini

Haifai kuwacheka wanaoamini jambo hili, kwa maana macho yao huwadanganya kwa njia iliyo rahisi kufahamika. Baina ya miezi 4 na 8 ya umri, mbegu za chonge za utoto huvimba chini ya ufizi, ingawa meno yenyewe hutokeza baadaye sana, aghalabu baina ya miezi 16 na 22. Miezi hiyo hiyo ndiyo mtoto aanzapo kutambaa, kuokota vitu vya chini na kuvitia kinywani, na kupewa maji na uji juu ya maziwa ya mama. Kwa hiyo uchafu humwingia, naye huharisha. Uvimbe na kuharisha huja wakati mmoja, lakini kimoja si mzazi wa kingine.

Kadhalika, kuharisha kwa watoto wengi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Mtoto aliyepasuliwa akipona, sifa humwendea mwenye wembe. Akifa, watu husema kwamba aliletwa akiwa amechelewa. Hivyo wembe haushindwi kamwe.

Madhara Yake

Madhara ni makubwa. Jeraha hutoka damu nyingi katika mwili mdogo usio na damu ya kupoteza. Chombo kichafu huweza kuleta pepopunda, sumu ya damu, na hata virusi vya UKIMWI kikitumika kwa mtoto huyu na yule. Tena chini ya chonge la utoto imelala mbegu ya chonge la ukubwani. Chombo kikiigusa, jino hilo huota limepinda au lina kasoro, au halioti kabisa. Zaidi ya hayo, wakati unapotea. Mtoto anayeharisha huuawa na kukaukiwa maji, na kila saa anayongojea mpasuaji ni saa ambayo hakunyweshwa.

Lililo haki kufanya ni hili. Mtoto aendelee kunyonya, na anyweshwe maji yenye chumvi za dawa zitolewazo zahanati. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, naye hupewa kidogo kidogo. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Mtoto akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, anatoa damu katika choo, au hawezi kunywa, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Kuyatunza Meno Yaliyosalia

Wako wazazi wasemao kwamba meno ya utoto hayana thamani kwa kuwa yataanguka. Hayo si kweli. Meno hayo, ambayo jumla yake ni 20, humwezesha mtoto kutafuna na kusema sawasawa, na huyashikia nafasi meno yatakayofuata. Yapasa yasafishwe tangu jino la kwanza litokezapo, mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere kwa aliye na miaka 3 hadi 6. Mzazi ashike mswaki mwenyewe mpaka mtoto afikapo miaka 7 hivi.

Mswaki wa mti, uitwao caday kwa Kisomali, ni chombo chema kilichotumiwa na mababu, na Shirika la Afya Duniani limekubali utumike pale ulipo desturi. Mtoto mkubwa na afundishwe kuufikisha mpaka kwenye magego ya nyuma. Lakini mswaki hauwezi kushinda chai yenye sukari tele inywewayo mchana kutwa, wala chupa ya maziwa ya sukari anayolala nayo mtoto mdomoni. Maziwa matupu na maji ndiyo vinywaji vyake.

Wakati wa Kumwona Daktari wa Meno

Si lazima kungoja maumivu. Mtoto atazamwe mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka 1, kisha kila baada ya miezi michache kama atakavyoagizwa. Aende upesi akiwa na madoa meupe au ya kahawia juu ya meno, tundu, kijipu cha ufizi, uvimbe wa shavu, au maumivu yanayomzuia kula na kulala. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi, lakini jino lililooza hung'olewa.

Jino la ukubwani likiruka kwa kuanguka au kupigwa, lishikwe upande wa kutafunia, si kwenye mzizi. Lisuguliwe na kitu chochote? La. Lioshwe kidogo tu, lirudishwe mahali pake au litiwe katika maziwa, na mtoto afikishwe kwa daktari ndani ya saa 1. Jino la utoto halirudishwi.

Ni kweli kwamba madaktari maalumu wa meno ya watoto ni wachache, na wengi wao wako Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi kutoka Garissa, na zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mandera. Lakini kazi nyingi zilizotajwa hapa huweza kufanywa na daktari wa meno wa kawaida au afisa wa afya ya kinywa katika hospitali ya kaunti. Mtaalamu hutafutwa kwa jambo zito, na daktari wa karibu ndiye atakayeandika barua.

Yeye ajuaye kusoma na awasomee wasiojua, na awaanzie wazee wa kike, ambao heshima yao ni kubwa nyumbani. Nyanya akisema, "Huyu mtoto anyweshwe maji, apelekwe hospitali, wala asiguswe ufizi," hapana mpasuaji atakayethubutu kuingia mlangoni.